Nusu ya Pili

Dirisha langu la tiketi lina upana wa sahani.
Mikono ya Tabora yote imepita hapo msimu huu:
ya wakulima wa tumbaku, kucha za kahawia,
ya wanafunzi wa uuguzi inayonuka spiriti,
ya Bwana Mihayo wa posta, anayelipa kwa sarafu
na kuzihesabu kwa sauti, kama anamfundisha mtu.
Nyuso sizijui. Tukikutana sokoni
navisalimia vidole.

Ukumbi huu ulikuwa ghala la reli.
Mawingu yakikaribia, kuta bado zinatoa
harufu ya nta na magunia.
Wameweka viti mia tatu na arobaini, na pazia
aliloshona Nyanzala wa Ng'ambo, akakataa malipo
mpaka wamruhusu kutarizi jina lake
kwenye upindo wa ndani, pasipoonwa
na yeyote ila waigizaji.

Mimi hufunga hesabu saa tatu kasoro.
Noti, kitabu, kufuli, ufunguo kwa mhasibu,
ndipo naingia, nasimama nyuma karibu na mlango.
Kwa hiyo tangu Juni nimeutazama msimu mzima
kuanzia katikati.

Nimeona mfalme akilia; sijui alipoteza nini.
Nimeona wayeye wakimrudisha chatu kapuni;
sikuona akitoka.
Wachezaji wa Kigoma walishuka na treni ya alfajiri,
ngoma zimeviringishwa blanketi kama wagonjwa,
na nilipoingia usiku ule vumbi lilishatua mabegani mwa watu,
mwanamke wa mstari wa mbele ameshika kiatu kimoja,
anacheka mpaka machozi,
na hakuna aliyeniambia kwa nini.
Julai kulikuwa na mchezo wa ndugu wawili.
Nilimkuta mmoja.

Basi nikirudi Isevya kwa miguu, natunga mianzo.
Mfalme nilimpa ng'ombe mmoja tu, kipofu, akampenda mno.
Yule ndugu wa pili nilimpa kazi mgodini,
nikampa barua tatu, halafu kimya.
Kimya hicho sikukitunga.
Mume wangu huuliza, "Leo kulikuwa na nini?"
Namsimulia yote, nusu yangu na nusu yao,
na hajawahi kuuona mshono.

Oktoba, usiku wa kufunga, tiketi ziliisha saa kumi na moja.
Mhasibu ana homa, ufunguo umebaki mfukoni mwangu.
Nikaketi. Kiti cha mia mbili na kumi na mbili,
kile chenye msumari.
Taa zikazimwa. Miaka yote nilidhani huzimwa
kama umeme wa mtaani kwetu, pu! na watu wakalaani.
Kumbe zinafifia,
kama mtu anayesinzia huku bado anakusikiliza.

Pazia likasogea. Msichana akaingia na ndoo tupu,
akaitua, akajikuna kisigino.
Hivyo tu.
Hana deni. Hajapokea barua.
Sauti ya mama ikaita kutoka pembeni, hatukumwona,
naye akaitika, "Bee!"
na mimi, mtu mzima, mke wa mtu,
nikajikuta nimeinuka nusu kwenye kiti.

Mapumziko watu walikimbilia soda na karanga.
Nikachukua mkoba wangu.
Msonde wa getini akashangaa:
"Kalunde, unakwenda wapi? Bado nusu nzima."
"Hiyo naijua," nikamwambia.

Nyumbani umeme ulikuwa umekatika.
"Leo kulikuwa na nini?"
Kulikuwa na msichana, nikasema, ana ndoo.
"Halafu?"
Halafu mama yake akamwita.
Akangoja niendelee. Aliitoa hata miguu yake
ndani ya shuka, apate kusikia vizuri.
Nikaushika utambi wa taa,
nikaupunguza
taratibu.